Mwanza–Bukoba: kilomita 175, saa zisizotabirika

*Kwenye ramani viwanja hivi viwili vya ndege ni majirani wa ziwa moja. Kwa msafiri wa Kagera, swali ni kama atafika siku aliyopanga kufika.*

Mgonjwa anapoandikiwa rufaa kutoka hospitali ya Mkoa wa Kagera mjini Bukoba kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ndugu zake huulizana mambo mawili kabla ya mengine yote: fedha ipo kiasi gani, na tunapanda chombo gani? Hapo ndipo familia hugawanyika. Kijana atataja ndege. Mama atataja basi, kwa kuwa nauli yake inajulikana na halikosekani. Mzee atataja meli, kwa sababu mgonjwa atapata pa kujinyoosha.

Wote watatu wanazungumzia safari moja, kutoka ufukwe wa magharibi wa Ziwa Victoria hadi ufukwe wake wa kusini. Lakini ukiwasikiliza utadhani kila mmoja anataja mji wake, kwa jinsi muda unavyopishana: chini ya saa moja, mchana mzima, usiku mzima.

Makala haya yanahusu umbali na muda wa safari kati ya Uwanja wa Ndege wa Mwanza na ule wa Bukoba. Umbali haubishaniwi na mtu. Muda ndio wenye mjadala, na ndani ya mjadala huo kuna maisha ya watu.

Umbali wenyewe

Uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kaskazini mwa jiji, kando ya maji. Ule wa Bukoba nao uko ufukweni, tena mjini kabisa. Bodaboda kutoka katikati ya mji haimalizi dakika kumi. Vyote viwili viko juu kidogo ya mita 1,140 kutoka usawa wa bahari.

Rubani anayeondoka Mwanza huelekea kaskazini-magharibi karibu sawasawa. Mstari ulionyooka kati ya viwanja hivi ni takribani kilomita 175, yaani maili za baharini 94 hivi, na sehemu kubwa yake ni maji matupu. Kisiwa cha Kome hubaki kushoto mwanzoni mwa safari, Bumbire hubaki kushoto mwishoni.

Ndege aina ya ATR 42 ikishatulia angani huenda kwa mwendo wa kilomita 550 hivi kwa saa. Dash 8 Q400, aina ambayo Air Tanzania ilianza kuipokea mwaka 2016, hupita kilomita 600. Kwa hesabu ya darasani, basi, safari hii haifiki hata dakika 20.

Hesabu hiyo haitimii. Katika safari fupi namna hii ndege haipati nafasi ya kutulia: ikimaliza kupanda inaanza kushuka. Inatakiwa pia kujiweka sawa na barabara ya kutua, na wakati mwingine kuzunguka upande wa pili kwa ajili ya upepo. Mashirika huhesabu muda tangu vigingi vinapoondolewa kwenye magurudumu Mwanza hadi vinapowekwa tena Bukoba. Kwa hesabu hiyo safari huchukua dakika 45 hivi.

Abiria naye ana saa yake. Anatoka mjini Mwanza kwa teksi au daladala, kiasi cha kilomita kumi. Anatakiwa awepo mapema akaguliwe, apimiwe mzigo, asubiri. Akitua Bukoba anangoja begi lake. Mlango hadi mlango ni saa tatu na ushei, hata siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri, na katika muda huo wote ndege imekuwa kazini kwa robo yake tu.

> Katika safari ya saa tatu na ushei, ndege yenyewe hufanya kazi kwa robo ya muda. Sehemu iliyobaki hutegemea mipango ya ardhini.

Nalitaja hili mapema kwa sababu mijadala mingi ya viwanja vyetu vya mikoani huishia kwenye ukubwa wa ndege na urefu wa lami. Kwa kilomita 175, ndege yenye kasi maradufu ingemwokolea msafiri dakika chache mno. Kumpunguzia foleni, kumpangia ratiba nzuri na kumhakikishia kwamba ndege itatua kungemwokolea saa nyingi.

Barabara inayolizunguka ziwa

Kwa gari, Mwanza na Bukoba hutenganishwa na zaidi ya kilomita 400. Ziwa halikatizwi, lazima lizungukwe kusini. Basi linalotoka stendi ya Nyegezi hupita Usagara, Kigongo, Busisi, Sengerema, Geita na Katoro, likaingia Biharamulo, ndipo lielekee kaskazini kupitia Muleba. Ni safari ya kutwa.

Kwa miongo mingi pingamizi kubwa la njia hiyo lilikuwa Kigongo, kwenye mkono wa ziwa unaoitwa Ghuba ya Mwanza. Hapo magari yalisubiri kivuko. Siku njema ilikuwa saa moja. Siku mbaya, ambapo kivuko kimoja kiko matengenezoni na malori yamepanga foleni, abiria walishuka, wakanunua samaki wa kukaanga, wakala, wakachoka, na bado basi halijapanda. Gari la wagonjwa lilipewa nafasi ya mbele, lakini kivuko kikiwa ng'ambo hata king'ora hakisaidii.

Mnamo Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu kutoka Kigongo hadi Busisi. Sehemu iliyokuwa ikila saa mbili sasa hupitwa kwa dakika chache. Nadhani bado hatujaelewa vizuri daraja hilo limefanya nini kwa biashara ya ndege. Faida ya ndege dhidi ya basi ilikuwa imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya foleni ya Kigongo, na foleni ile sasa haipo.

Ndege bado ni ya haraka zaidi, hilo halina ubishi. Lakini basi limepata kitu ambacho ndege ya Bukoba haijakipata. Ukipanda Nyegezi alfajiri unajua kwamba jua likizama utakuwa Bukoba.

Usiku juu ya maji

Kabla ya lami na kabla ya ndege za abiria, njia ya Bukoba ilikuwa meli. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji huo ukawa mlango wa Kagera kuelekea pwani: kahawa ilivuka ziwa, ikapakiwa kwenye behewa, ikaenda Dar es Salaam. Wazee wa Bukoba bado huzungumzia safari za MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa namna ambayo vijana huzungumzia ndege.

Meli huondoka Bandari ya Mwanza Kaskazini usiku, hugusa bandari ya Kemondo, na kuingia Bukoba asubuhi. MV Victoria ilisimama mwaka 2014 kwa ubovu, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Jijini Mwanza pia ikaundwa meli kubwa mpya, MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400, ambayo ilishushwa majini Februari 2023.

Kwa mkulima wa ndizi au mchuuzi wa nguo, saa tisa za meli si hasara. Analala, mzigo wake uko chini, na asubuhi yuko sokoni. Saa za usiku hazimpunguzii siku ya kazi. Ndiyo maana kulinganisha vyombo hivi kwa urefu wa safari peke yake kunapotosha. Safari ya saa tatu inayokula asubuhi nzima ya kazi inaweza kumgharimu mtu kuliko ya saa tisa aliyoilala.

Lakini meli ina jina moja lisilosahaulika. Mei 21, 1996, MV Bukoba, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi wamezikwa Igoma, Mwanza. Kuna familia za Kagera ambazo tangu siku hiyo hazikupanda meli tena. Kwao, ndege ilikuwa kimbilio.

Asubuhi ya Bukoba

Kwa nini basi kimbilio hilo halitabiriki? Jibu la kwanza liko angani.

Usiku, ardhi inayolizunguka ziwa hupoa haraka kuliko maji. Hewa iliyopoa huteremka kutoka kila upande kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda na kuzaa mawingu ya radi. Upepo unaotawala eneo hili hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo mawingu hayo husukumwa kuelekea magharibi. Alfajiri na asubuhi huwa yamefika Bukoba.

Matokeo yake yanaonekana kwenye vipimo vya mvua. Mwanza hupata takribani milimita 1,000 kwa mwaka. Bukoba, kilomita 175 tu kutoka hapo, hupata karibu maradufu, milimita 2,000 hivi, na kilele chake ni Aprili. Migomba ya Kagera imestawi kwa mvua hiyo. Senene nao hufuata misimu yake. Rubani huikuta mvua hiyo kwa sura nyingine: asubuhi, ikiwa imeshuka chini, imeuficha ufukwe, na upepo unabadilika ghafla.

Mchana mambo hugeuka. Ardhi hupata joto, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua huelekea zaidi milimani. Siyo kila siku, lakini ndiyo tabia ya ziwa, na kila mvuvi wa Kashai, mjini Bukoba, anaijua bila kufundishwa na mtu.

Sasa tazama ratiba. Ndege zinazotoka Dar es Salaam alfajiri, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bukoba, hufika ziwani katika saa zile zile ambazo mawingu yameegemea ufukwe wa magharibi. Kibiashara inaeleweka: ndege ikianza mapema inafanya mizunguko mingi kwa siku. Lakini kwa Bukoba, saa mbili asubuhi na saa nane mchana ni kama viwanja viwili tofauti.

Jibu la pili liko ardhini. Barabara ya kurukia ndege ya Bukoba ina urefu wa kilomita moja na nusu. Ya Mwanza inazidi kilomita tatu. Q400 iliyojaa, ikiwa usawa wa bahari na hewa ya kawaida, huhitaji takribani kilomita 1.4 ili iruke. Bukoba iko juu zaidi ya mita 1,100, mahali ambapo hewa ni nyepesi, injini hupata nguvu kidogo na mbawa hubeba kidogo, kwa hiyo ndege huhitaji barabara ndefu zaidi ya hapo. Kinachofanyika ni kupunguza uzito: abiria wachache, mizigo michache au mafuta machache. Lami ikiwa imelowa, nafasi ya kosa hupungua tena.

Rubani akiona mambo hayajakaa sawa, anazunguka. Yakizidi, anarudi Mwanza. Huo ni uamuzi sahihi na abiria anapaswa kuushukuru. Lakini aliyekuwa anawahi mazishi Muleba saa saba mchana anajikuta Ilemela na begi mkononi, na basi la asubuhi limeshaondoka.

> Kwa Bukoba, saa mbili asubuhi na saa nane mchana ni kama viwanja viwili tofauti.

Novemba 6, 2022

Jumapili hiyo, muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa imebakiza mita mia chache kufika kwenye lami. Ndani yake walikuwamo watu 43. Walipona 24, wakafa 19, wakiwamo marubani wote wawili.

Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango wa ndege, na baadaye aliingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taarifa ya awali ya uchunguzi ilieleza pia udhaifu wa uokoaji wa serikali asubuhi ile: vyombo vilichelewa, mawasiliano hayakuwa mazuri.

Ajali ya ndege huchunguzwa kwa mnyororo mrefu wa sababu, na makala haya hayachukui nafasi ya wachunguzi. Ninachoweza kusema ni hiki. Ndege ilianguka majini karibu na ufukwe wa mji, mbele ya macho ya watu, kwenye uwanja ambao njia yake ya kutua hupita juu ya ziwa. Boti ya uokoaji iliyo tayari, yenye mafuta na watu waliofunzwa, haikupaswa kuwa jambo la kufikiriwa baada ya msiba. MV Bukoba ilizama ikikaribia kufika Mwanza, na ndege ikaanguka ikikaribia kufika Bukoba. Misiba yote miwili ilitokea asubuhi, mwisho kabisa wa safari, karibu na nchi kavu. Kwa watu wa Kagera umbali huu una historia ya kuona ng'ambo na kutofika.

Pande zinazovutana

Baada ya ajali, mjadala wa zamani uliamka: uwanja wa Bukoba uboreshwe au uhamishwe?

Wanaotetea kubaki wana hoja nzito. Uwanja upo, uko mjini, na fedha nyingi zimekwishatumika hapo: barabara ya kurukia ilitiwa lami, jengo jipya la abiria likajengwa, na mwaka 2017 Rais John Magufuli akaja kuuzindua. Wanasema kilichokosekana ni vifaa: taa za kuongozea, vyombo vya kupima upepo na mawingu, utaratibu wa kisasa wa kutua kwa msaada wa setilaiti, na zimamoto wa majini. Kwa miaka mingi huu umekuwa uwanja wa kutumika mchana, hivyo ndege inayochelewa jioni hukosa pa kwenda.

Wanaotaka kuhama huonyesha ramani. Upande mmoja ziwa, upande mwingine mji na vilima. Kuurefusha maana yake ni kujaza maji au kubomoa nyumba za watu. Kwao, mahali palipo sahihi ni Omukajunguti, Wilaya ya Missenyi, ambako wazo la uwanja mkubwa limezungumzwa kwa miaka mingi. Huko barabara ndefu inawezekana, na ndege za jeti zingetua zikitoka moja kwa moja Dar es Salaam au nje ya nchi.

Kuna upande wa tatu ambao husahaulika: wananchi wa Omukajunguti wenyewe. Mtu ambaye ardhi yake imetajwa kwenye mradi hawezi kuishi kwa raha. Akitaka kujenga ataambiwa asubiri. Akitaka kupanda mibuni, zao linalohitaji miaka, atajiuliza kama atalivuna. Bungeni suala hili limeulizwa mara nyingi, na kila jibu linalosema "mchakato unaendelea" humwongezea mkulima huyo msimu mwingine wa kutojua.

Na wapo wanaotaja Chato. Uwanja wa huko, mkoani Geita, una barabara ya kilomita tatu, na jeti inatua. Lakini kwa mtu wa Bukoba, Chato ni safari ya saa kadhaa kwa gari kabla hata hajaiona ndege. Akiwa ameshafika Chato kwa barabara, amekwishamaliza sehemu kubwa ya njia ya kwenda Mwanza.

Hapo ndipo hoja ya umbali inaponikaa sawa. Katika safari ndefu, mahali ulipo uwanja si jambo kubwa. Anayekwenda Dar es Salaam hatajali sana kuongeza saa moja ya gari ili apande jeti kubwa, yenye nafasi na isiyopunguza mizigo. Katika safari ya kilomita 175, saa hiyo moja ni ndefu kuliko safari nzima ya angani. Ukimpeleka Missenyi abiria wa Bukoba ili apande ndege ya dakika 45 kwenda Mwanza, atapanda basi.

Kwa hiyo swali la "uwanja upi?" limeulizwa vibaya. Omukajunguti na Bukoba havitoi huduma moja. Kimoja ni cha kuiunganisha Kagera na mbali. Kingine ni cha kuiunganisha na Mwanza. Kama serikali itajenga kile kikubwa na kukifunga kile cha mjini, Kagera itapata jeti na kupoteza ujirani.

> Katika kilomita 175, saa moja ya gari kwenda uwanjani ni ndefu kuliko safari nzima ya angani.

Entebbe iko karibu zaidi

Kuna jambo moja ambalo Kagera hulijua siku zote. Kutoka uwanja wa Bukoba hadi Entebbe, Uganda, mstari ulionyooka ni takribani kilomita 167. Ni karibu kuliko Mwanza. Kigali iko kilomita 200 hivi. Mpaka wa Mutukula hufikiwa kwa gari kwa muda usiozidi saa mbili, na kutoka hapo barabara ya Masaka inaingia Kampala.

Biashara hufuata njia yenye uhakika. Minofu ya sangara kutoka viwanda vya ziwa upande wetu imekuwa ikisafirishwa kwa malori hadi Entebbe au Nairobi ili ipande ndege za Ulaya. Mgonjwa mwenye uwezo kiasi huvuka kwenda Kampala. Mtalii anayetaka kuona kisiwa cha Rubondo huingilia anakoona ratiba inaaminika. Hakuna mzalendo wa kutosha kusubiri ndege isiyokuja huku samaki wakiharibika.

Mwanza nayo hupoteza hapo. Jiji hilo linajitambulisha kuwa kitovu cha Kanda ya Ziwa: lina reli, bandari, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971, na uwanja wa ndege wenye barabara ndefu. Kitovu hupimwa kwa urahisi wa majirani kukifikia. Mgonjwa wa saratani anayetakiwa Bugando kwa mionzi, tena kwa wiki kadhaa mfululizo na kurudi kwa uangalizi, hana namna ya kufanya safari hizo ikiwa kila moja ni bahati nasibu. Wengi huchelewa kuanza, au huanza wakaishia njiani. Huo ndio uzito wa kilomita 175 hizi.

Kinachoweza kufanyika sasa

Uamuzi wa Omukajunguti ni wa mabilioni na wa miaka. Yapo ya karibu zaidi.

La kwanza ni ratiba. Kama ziwa kwa kawaida hutulia mchana, safari ya Mwanza–Bukoba iwe ya mchana. Hili halihitaji zege. Linahitaji mashirika yakubali kwamba kipande hiki kina hali yake ya hewa, na yaache kukibandika kwenye mkia wa safari ya alfajiri ya Dar es Salaam.

La pili ni ukubwa wa ndege. Ndege ndogo za viti 12 au 13, za aina ya Cessna Caravan, huenda kwa mwendo wa kilomita 300 hivi kwa saa na zingemaliza njia hii kwa dakika 45 hadi 50, karibu sawa na ndege kubwa. Barabara ya kilomita moja na nusu kwao ni ndefu tele. Mwanza imewahi kuwa na kampuni zilizofanya safari hizi za ziwa. Safari mbili kwa siku kwa ndege ndogo zinamfaa mgonjwa, hakimu na mkaguzi wa shule kuliko moja ya ndege kubwa inayotegemea kama Dar es Salaam imejaza viti.

La tatu ni vifaa, na hapa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Mamlaka ya Hali ya Hewa zinahusika kwa pamoja. Rubani akiwa bado Mwanza, kabla ya kuwasha injini, anatakiwa awe na picha kamili ya Bukoba ya dakika ile: mawingu yako urefu gani, upepo unatoka wapi, lami imelowa kiasi gani. Safari ya dakika 45 inayoanza na taarifa ya saa nzima iliyopita imeanza vibaya.

Nauli nayo isisahaulike. Kiti cha ndege hugharimu mara kadhaa ya kiti cha basi, na tofauti hiyo ingevumilika kwa mtu mwenye dharura kama angekuwa na hakika ya kufika. Anayelipia haraka asipoipata, hatalipa tena.

Na kuna kazi ya karatasi tu, isiyosubiri bajeti ya mwaka ujao. Kila ndege iliyopangwa kutua Bukoba, iliyotua, iliyochelewa, iliyozunguka na iliyorudi Mwanza huandikwa, pamoja na saa yake na sababu yake. Kumbukumbu hizo zichapishwe kwa miaka mitano iliyopita, mwezi kwa mwezi, asubuhi na mchana zikitenganishwa. Wabunge wa Kagera na Mwanza wazidai kabla hawajapiga kura kwa shilingi moja ya lami mpya, ili wajue kama tatizo la Bukoba ni urefu wa barabara, ukosefu wa taa, au saa ambayo ndege hutumwa huko.